Picha Ileile, Kosa Tofauti: Mahakama Zinavyoisoma Hakimiliki Mtandaoni

Mwanafunzi mmoja wa sekondari nchini Ujerumani alikuwa akiandaa kazi ya somo la Kihispania, akahitaji picha ya mji wa Córdoba. Akaitafuta mtandaoni, akaikuta kwenye tovuti ya mambo ya safari, ikiwa wazi, haina nywila wala kizuizi. Akaipakua, akaibandika kwenye kazi yake, na chini yake akaandika jina la tovuti alikoitoa. Shule ikaipandisha kazi ile kwenye tovuti yake. Mpiga picha, aliyekuwa ameiruhusu tovuti ya safari peke yake, akaenda mahakamani. Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg, na mwezi Agosti 2018 majaji wakaamua kwamba kuiweka upya picha ile kwenye tovuti nyingine kulihitaji idhini ya mwenyewe.

Wengi waliona hukumu hiyo ni kali. Kijana hakuuza kitu. Hakuficha alikoitoa picha. Kila mwenye intaneti angeweza kuiona bila kulipa chochote. Hata wakili mshauri wa mahakama hiyohiyo, ambaye kazi yake ni kutoa maoni kabla majaji hawajaamua, alikuwa amependekeza uamuzi wa kinyume. Tena miaka minne nyuma, mwaka 2014, mahakama ileile ilikuwa imesema kwamba kuweka kiungo kinachompeleka msomaji kwenye kazi iliyo wazi mtandaoni hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kwa hiyo kama kazi ile ingebeba kiungo badala ya picha, pasingekuwa na kesi.

Kwa mtazamaji, tofauti ya hayo mawili ni mguso mmoja wa kidole. Kwa majaji, tofauti iko kwenye uwezo wa mwenye kazi. Mpiga picha akibadili mawazo na kuiomba tovuti ya kwanza iiondoe picha, kiungo kinakufa papo hapo, lakini nakala iliyokaa kwenye seva ya shule, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti yake, inabaki palepale, na yeye hana tena la kufanya ila kuanza kuwafuata walioichukua mmoja mmoja. Mimi naiona hoja hiyo kuwa ya haki, ingawa namhurumia mwanafunzi. Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndani yake kuna ufunguo wa kesi nyingi za hakimiliki za mtandaoni. Mahakama haianzi na kile kinachoonekana kwenye kioo cha simu. Inaanza kwa kuuliza kimefikaje pale, na kwa mkono wa nani.

Nakala ambazo hakuna aliyeziomba

Sheria za hakimiliki zilizaliwa wakati kunakili kulikuwa kazi nzito. Ulihitaji mtambo, karatasi, wino na watu. Aliyechapisha kitabu cha mwingine alijua anachofanya. Ndiyo maana haki ya kwanza anayopewa mwandishi, mwanamuziki au mpiga picha ni haki ya kuzuia wengine wasinakili.

Intaneti imeivuruga hesabu hiyo kabisa, kwa kuwa haiwezi kufanya chochote bila kunakili. Ukifungua ukurasa, maneno na picha hunakiliwa kutoka seva ya mbali, hupita kwenye mitambo ya njiani, huingia kwenye kumbukumbu ya kifaa chako, na programu ya kuperuzi hujiwekea akiba ili safari ijayo ukurasa ufunguke haraka. Je, kusoma tu ni kukiuka haki?

Swali hilo linaweza kuonekana la kipuuzi, lakini liliwahi kufika mahakama za juu kabisa. Nchini Uingereza, wachapishaji wa magazeti walidai kwamba wateja wa kampuni ya Meltwater, iliyokuwa ikikusanya habari na kuwapelekea, walihitaji leseni hata kwa kuzisoma kwenye kioo, maana kila usomaji unazalisha nakala. Mahakama ya Juu ya Uingereza ikakataa mwaka 2013, na Luxembourg ikakubaliana nayo mwaka 2014: nakala za muda zinazojitokeza kwenye kioo na kwenye akiba ya kompyuta ni sehemu ya mwenendo wa kawaida wa teknolojia, hazihitaji ruhusa. Huko Marekani, mahakama ya rufaa ya New York ilikuwa imegusa jambo linalofanana na hilo mwaka 2008, ikasema data iliyokaa kwenye mtambo kwa muda usiozidi sekunde 1.2 kisha ikafutika haijadumu kiasi cha kuitwa nakala.

Kwa hiyo kuangalia ni salama. Shida huanza pale mtu anapohifadhi, anaposambaza, au anapomwelekeza mwingine.

Hilo la kuelekeza bado lina utata. Kanuni ya viungo ya Ulaya ina mkia: mwaka 2016 majaji wa Luxembourg waliamua kwamba anayeweka kiungo cha kwenda kwenye kazi iliyopandishwa bila idhini, naye anafanya hivyo kwa ajili ya faida, atachukuliwa kuwa alijua, mpaka athibitishe kwamba hakujua. Marekani imegawanyika. Mahakama ya rufaa ya majimbo ya magharibi ilisema mwaka 2007, katika kesi dhidi ya Google, kwamba anayeionyesha picha kwa kuivuta kutoka seva ya mwingine hajaionyesha yeye, kwani nakala haiko kwake. Mwaka 2018 jaji mmoja wa New York akaikataa kanuni hiyo waziwazi, katika kesi ya vyombo vya habari vilivyopachika kwenye kurasa zao ujumbe wa Twitter uliobeba picha ya mchezaji Tom Brady. Mwaka 2023 mahakama ya magharibi ikarudia msimamo wake wa zamani. Nchi ni moja na kitendo ni kilekile, lakini jibu linategemea kesi imefunguliwa pwani gani.

Mkono wa nani?

Mwaka 1993 mtu mmoja wa Florida aliyeendesha ubao wa matangazo wa kompyuta, mahali ambapo wanachama walibadilishana ujumbe na mafaili kabla wavuti haujaenea, alishindwa katika kesi ya madai kwa sababu wanachama wake walipandisha picha za jarida la Playboy. Alijitetea kwamba hakuzipandisha yeye, na kwamba alizifuta alipopata habari. Haikumsaidia. Kama msimamo ule ungeshika mizizi, hakuna kampuni ambayo ingethubutu kuruhusu watu wapandishe chochote.

Miaka miwili baadaye, jaji wa California alipewa kesi dhidi ya Netcom, kampuni iliyotoa huduma ya intaneti. Mtu alikuwa amebandika maandishi ya dhehebu la Scientology, na yakapita kwenye mitambo ya Netcom yenyewe kwa yenyewe. Jaji akalinganisha na mwenye mashine ya kutoa fotokopi ambaye anawaacha wateja waitumie. Mashine yake imenakili, ni kweli, lakini yeye hakuamua kunakili. Akasema lazima kiwepo kitendo cha hiari kinachosababisha nakala kabla hujamwita mtu mkiukaji wa moja kwa moja. Wazo hilo dogo ndilo lililobeba huduma nyingi tunazotumia leo.

Watu wakalichukua wazo hilo na kujaribu kulijengea nyumba nzima. Kampuni ya Aereo ilifanya hivyo kwa werevu wa hali ya juu. Ilitengeneza antena ndogo mfano wa sarafu, maelfu kwa maelfu, ikazipanga kwenye jengo. Mteja akitaka kutazama kipindi cha televisheni, anapewa antena moja iwe yake peke yake kwa muda ule. Antena inanasa matangazo, mtambo unatengeneza nakala moja kwa ajili yake peke yake, kisha kipindi kinatiririka hadi kwenye simu yake. Watazamaji 1,000 wa kipindi kimoja walimaanisha antena 1,000 na nakala 1,000. Kiufundi ni upotevu mtupu. Kisheria ilikuwa hoja: sisi hatumrushii mtu matangazo, sisi tunakodisha antena, mkono unaobonyeza ni wa mteja.

Mahakama ya Juu ya Marekani ikaikataa hoja hiyo Juni 2014, majaji 6 dhidi ya 3. Walio wengi walisema kwamba kwa mtazamaji na kwa mrushaji, Aereo inafanya kazi ileile ya kampuni za kebo, ambazo Bunge lilikwisha kuzitaka ziheshimu hakimiliki tangu mwaka 1976. Mpangilio wa nyaya na antena nyuma ya pazia haubadilishi jambo hilo. Watatu waliopinga walishikilia kanuni ya hiari: anayechagua kipindi ni mteja. Miezi michache baadaye Aereo iliomba ulinzi wa kufilisika. Nimeisoma hukumu hiyo zaidi ya mara moja na bado naona walio wengi waliacha kipimo kisichoshikika vizuri. Ila ujumbe kwa wahandisi ulifika: mtambo uliochorwa na wanasheria hautakukinga kama unachouza ni kilekile.

Kumsaidia anayekiuka

Anayetengeneza chombo kinachotumiwa vibaya ana lawama gani? Msingi uliwekwa mwaka 1984, enzi za kanda za video, pale Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba Sony haiwajibiki kwa kuuza mashine za kurekodi vipindi vya televisheni, kwa kuwa mashine hizo zilikuwa na matumizi halali ya maana.

Napster iliukimbilia msingi huo. Ilianza mwaka 1999, ikiwaunganisha watu wabadilishane mafaili ya muziki kompyuta kwa kompyuta. Nyimbo zenyewe hazikukaa kwake. Kilichokaa kwake ni orodha: nani ana wimbo gani. Orodha hiyo ndiyo iliyoimaliza. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ilisema Napster ilijua mafaili gani yanavunja haki, ilikuwa na uwezo wa kuyazuia, na haikuyazuia.

Waliofuata wakajifunza kwamba dawa ni kutokuwa na orodha. Grokster na StreamCast walisambaza programu ambayo haikuhitaji seva ya katikati. Hata kampuni zikifungwa usiku huo, mafaili yangeendelea kusafiri. Hapo ndipo majaji wa Mahakama ya Juu, mwaka 2005, bila hata mmoja kupinga, walipoacha kutazama mtambo na kutazama nia. Nyaraka za ndani zilionyesha kampuni hizo ziliwawinda waziwazi waliokuwa watumiaji wa Napster, hazikuweka chujio lolote, na mapato yao ya matangazo yalipanda kadiri watu walivyozidi kubadilishana mafaili. Anayesambaza chombo huku akiwachochea watu wavunje haki, wakasema, anawajibika kwa uvunjaji huo. Tangu wakati huo barua pepe za wafanyakazi zimekuwa ushahidi mzito kuliko michoro ya wahandisi.

Kwa majukwaa makubwa, jambo lenye uzito zaidi ni kinga ambayo Marekani iliitunga mwaka 1998. Huduma inayohifadhi vitu vya watumiaji hailipi fidia kwa makosa yao, mradi haijui juu ya ukiukaji, inaondoa kitu upesi inapopokea taarifa ya mwenye haki, na ina utaratibu wa kuwafungia wanaorudia rudia kosa. Sheria haiilazimishi kuzunguka ikikagua kila kitu.

Neno “kujua” ndilo lililoibua vita. Viacom, kampuni ya vipindi vya televisheni, iliishtaki YouTube mwaka 2007 ikidai zaidi ya dola bilioni 1. Ilisema kila mtu pale YouTube alijua tovuti imejaa vipande vya vipindi vyake. Mahakama ya rufaa ikajibu mwaka 2012 kwamba kujua kwa jumla hakutoshi. Lazima kampuni iwe inafahamu kipande hiki au kile mahususi. Lakini ikaongeza kwamba anayejitia hamnazo, akageuza uso makusudi ili asione, atahesabiwa kuwa ameona. Katika kesi hiyo YouTube ilidai pia kwamba Viacom yenyewe ilikuwa ikipandisha baadhi ya vipande kwa siri, kupitia mawakala, ili kutangaza vipindi vyake. Kama mwenye mali naye anapandisha kimyakimya, jukwaa litatofautishaje? Mwaka 2014 pande mbili zikamalizana nje ya mahakama.

Kinga hiyo hupotea kwa uzembe. Cox, kampuni ya Marekani inayouza intaneti majumbani, ilikuwa na sera nzuri kwenye karatasi ya kuwafungia wanaorudia kosa. Mawasiliano yake ya ndani yalionyesha wateja wakifungiwa kisha wakifunguliwa upesi ili malipo yao ya mwezi yasipotee. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikasema sera isiyotekelezwa si sera, na kinga ikaondoka.

Ulaya imepita njia yake. Mwaka 2011 na 2012 Luxembourg ilikataa ombi la chama cha wasanii cha Ubelgiji kilichotaka watoa huduma waweke chujio la kukagua mawasiliano ya wateja wote, kwa gharama zao na bila kikomo cha muda. Kisha mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ukapitisha agizo linaloyachukulia majukwaa makubwa ya kushirikishana video na picha kuwa yenyewe ndiyo yanayoifikisha kazi kwa umma, hivyo yatafute leseni, na yakikosa yafanye juhudi zote kuzuia. Poland ilipinga, ikashindwa mwaka 2022, lakini majaji waliweka sharti ambalo nalipenda: chujio lisiloweza kutofautisha kitu halali na kisicho halali halikubaliki, kwa kuwa litaziba midomo ya watu.

Ukiondolewa kitu chako

Kinga inayategemea malalamiko, na malalamiko huweza kuwa ya hovyo. Mwaka 2007 mama mmoja wa Pennsylvania alipandisha video ya sekunde 29 ya mtoto wake akicheza jikoni huku wimbo wa Prince ukisikika kwa mbali. Kampuni ya muziki ikataka iondolewe, ikaondolewa. Mama hakukubali, akashtaki. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikasema mwenye haki anapaswa kufikiria kwanza kama matumizi yale ni ya haki, yaani yale ambayo sheria inayaruhusu bila idhini, kabla hajatuma taarifa. Si suala la kurusha taarifa tu na kungoja.

Kwa mtu wa kawaida, lililo muhimu kujua ni hili: chini ya sheria ya Marekani, ambayo majukwaa mengi makubwa yanaifuata, aliyeondolewa kitu anaweza kutuma taarifa ya kupinga. Mlalamikaji asipofungua kesi, huduma inatakiwa kukirudisha kati ya siku 10 na 14 za kazi. Ila taarifa hiyo inasainiwa chini ya adhabu ya kusema uongo, na unakubali kushtakiwa. Isitumwe kwa hasira.

Itumwe na mtu anayejua hoja yake, maana mtandaoni kuna imani nyingi zisizo na msingi. Hakuna sekunde 10 za bure. Hakuna asilimia ya kitabu iliyo huru. Kutaja jina la mwenye kazi ni uungwana, lakini hakukupi ruhusa; mwanafunzi wa Córdoba alitaja. Ili kujua kama matumizi ni ya haki, majaji wa Marekani hupima mambo manne kwa pamoja: madhumuni ya matumizi, aina ya kazi iliyotumiwa, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwa soko la mwenyewe. Ndiyo maana Google iliyochanganua vitabu zaidi ya milioni 20 ilishinda mwaka 2015, kwa kuwa msomaji alipata uwezo wa kutafuta maneno na kuona vipande vidogo tu, huku maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive ikishindwa mwaka 2024 katika kesi ya vitabu 127, kwa kuwa ilimwazima msomaji kitabu kizima, naye hakuhitaji tena kununua. Idadi haikuamua, kilichoamua ni kama nakala inachukua nafasi ya kitabu chenyewe. Nakiri hukumu hii ya pili iliniuma, maana maktaba ile inawafikia watu wasio na maktaba nyingine.

Na kushindwa kuna gharama. Mama mmoja wa Minnesota alishtakiwa kwa nyimbo 24 alizozishirikisha kupitia Kazaa, programu ya kubadilishana mafaili. Baraza la kwanza la wananchi waamuzi lilimtoza dola 222,000 mwaka 2007, la pili dola milioni 1.92 mwaka 2009, la tatu dola milioni 1.5. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ikarudisha zile dola 222,000. Hesabu hizo hutoka ndani ya sheria yenyewe, inayoruhusu kati ya dola 750 na 30,000 kwa kila kazi, na hadi 150,000 pale mtu anapokiuka kwa makusudi, bila mdai kuthibitisha hasara aliyopata. Kwangu mimi, kiwango hicho kilichotungwa dhidi ya wafanyabiashara hakimfai mtu mmoja nyumbani kwake.

Linabaki suala la mipaka. Televisheni ya taifa ya Poland iliuza haki za kurusha vipindi vyake huko Amerika kwa kampuni nyingine, kisha vipindi 51 vikaonekana Marekani kupitia tovuti yake yenyewe, kizuizi cha nchi kikiwa kimeondolewa. Ikajitetea kwamba kila kilichofanyika kilifanyika Poland: wafanyakazi, seva, na uamuzi wote. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya Washington ikasema kipindi kilionyeshwa pale kilipotazamwa. Katika kesi nyingi nilizozitaja majaji walikwenda nyuma ya kioo kumtafuta mtendaji. Hapa mtendaji alijulikana, na kioo chenyewe ndicho kilichoamua sheria ya nchi gani itumike. Fidia ilikuwa dola 60,000 kwa kila kipindi, jumla dola 3,060,000.